Breki ya Misuli

Ng'ombe wetu wa Singida mwenye nundu ni mwembamba. Ng'ombe wa buluu wa Ubelgiji amejaa minofu. Kwa nini?

Mwilini mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Jeni moja huzuia misuli isikue kupita kiasi, kama breki ya baiskeli. Mwaka 1997 wataalamu waligundua kuwa kwa ng'ombe yule jeni hiyo imeharibika. Kwa kondoo wa Texel, Uholanzi, jeni ni nzima, bali agizo lake hupunguzwa nguvu. Wafugaji wakachagua madume ya namna hiyo, kizazi baada ya kizazi.

Lakini ng'ombe yule huzaa kwa shida, mara nyingi kwa kupasuliwa. Kwetu kiangazi ni kirefu, na daktari wa mifugo huenda yu mbali. Basi kabla ya kununua dume, ulizeni: ndama wake atazaliwaje?