Hesabu na Kusoma kwa Vitendo Darasani

Mtoto wa darasa la kwanza huzielewa namba upesi akizishika mkononi. Katika mji wa madini wa Kambove, karibu na Likasi, kokoto, vijiti na vifuniko vya chupa vinatosha. Kisolo, mchezo wa bao wa Waluba, nao ni somo kamili: anayegawa kokoto shimo kwa shimo anahesabu na kukisia hatua ya mwenzake.

Soko la darasani lina faida kubwa zaidi. Mafungu ya sombe hupangwa mezani, kila moja faranga 500. Mnunuzi akichukua matatu na kutoa noti mbili za kuchora za 1,000, muuzaji humrudishia 500 huku akieleza kwa sauti alivyopiga hesabu.

Kwa kusoma, watoto husimulia hadithi ya nyumbani, mwalimu huiandika ubaoni kwa maneno yao, nao huisoma. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia. Darasa likijaa, vikundi vya watoto wanne au watano ni muhimu sana, maana hata mwenye haya hupata zamu ya kusema.