Kufunga Kipande Kipya cha Bomba la Moshi la Motokaa

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja cha motokaa ambacho watu wengi hawakijali mpaka kianze kupiga kelele, nacho ni bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Twataka kueleza jinsi mtu mwenye uangalifu na vyombo vichache awezavyo kuondoa kipande kilichooza na kufunga kingine, nyumbani kwake. Lakini kabla ya kushika spana yafaa tujue kazi ya bomba lenyewe, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua kama amekitengeneza vema.

Wengi hudhani kwamba bomba hili limewekwa ili kuzima sauti ya injini. Ni kweli kwamba lile pipa dogo liitwalo sailensa hupunguza sauti. Lakini bomba lina kazi kubwa kuliko hiyo, nayo ni kuuchukua moshi wa injini, kuupitisha chini ya gari, na kuutupa nyuma, mbali na pua za abiria. Ndani ya moshi huo mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, tena hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Basi damu yazunguka mwilini bila kuchukua kile ambacho mwili wakihitaji. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Na usingizi huo waweza kuwa wa mwisho.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, aliichunguza hewa hii katika miaka ya 1890, hata akaivuta mwenyewe apate kuandika dalili zake. Ndiye aliyewashauri wachimbaji wa makaa ya mawe washuke shimoni pamoja na mnyama mdogo, kwa kuwa mnyama mdogo hudhurika upesi kuliko mtu. Ndege wadogo walitumika kwa kazi hiyo katika machimbo ya Uingereza mpaka mwaka 1986. Katika motokaa zetu hatuna ndege wa kutuonya. Mtoto mchanga huvuta pumzi upesi kuliko mtu mzima, basi yeye ndiye adhurikaye kwanza. Nasi tukimwona amelala kiti cha nyuma twadhani amechoshwa na safari.

Tuseme motokaa yatoka Ngamiani jioni kwenda Lushoto, nayo ina tundu katika bomba, chini ya kiti cha nyuma. Hapa Tanga kuna joto, vioo viko wazi, upepo wapita ndani, hakuna aonaye neno. Wakifika Mombo na kuanza kupanda milima ya Usambara, baridi huwapata na vioo hufungwa, huku injini ikilemewa na mlima. Sasa moshi upenyao sakafuni hauna pa kutokea. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Je, kwa nini bomba huoza? Sisi watu wa pwani twajua chumvi ya bahari ifanyavyo mabati ya nyumba zetu, na chuma cha bomba hakisalimiki. Lakini iko sababu nyingine iliyofichika. Kila lita moja ya petroli iunguapo hutoa maji karibu lita moja, nayo hutoka pamoja na moshi yakiwa mvuke. Gari liendalo mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 300, hupata joto la kutosha kuyafukuza maji hayo yote. Lakini gari litokalo Ngamiani, likavuka reli kwenda mjini, likarudi, halipati joto hilo. Maji hubaki ndani ya bomba na sailensa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana bomba laweza kuonekana zima leo, na kesho likatoboka.

Sasa tuje kwenye kazi. Uanze asubuhi, gari likiwa limepoa usiku kucha. Uchague mahali tambarare, penye hewa wazi, wala si ndani ya banda. Ardhi ya mchanga hudidimiza jeki, basi tandika ubao mnene chini yake. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe au vipande vya mti. Ukiisha kuliinua gari, liegemeze juu ya stendi za chuma, au juu ya magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usiliegemeze juu ya matofali ya saruji, kwani tofali hupasuka ghafula bila kutoa dalili.

Tafuta tundu. Mahali panapovuja huwa na masizi meusi. Gonga bomba polepole kwa mpini wa nyundo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga unga wa kutu. Vaa miwani, maana kutu hiyo huanguka machoni. Usiridhike kuziba tundu kwa kopo la maziwa na waya. Kopo hupunguza kelele, lakini moshi huendelea kupenya pembeni, na mwenye gari hudanganyika kwamba amepona.

Upime bomba kabla ya kwenda dukani. Nanyi wanafunzi, hapa hesabu zenu zina faida: zungusha uzi kuzunguka bomba, upime urefu wa uzi, kisha ugawanye kwa 3.14. Uzi wa sentimeta 14.1 waonyesha bomba lenye upana wa sentimeta 4.5. Nunua kipande ambacho ncha zake zavaa juu ya bomba lako barabara, pamoja na vibano vya chuma vya kukazia. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki, kwani zinki ikichomelewa hutoa moshi uletao homa.

Nati zenye kutu uzimwagie mafuta mepesi tangu jana yake, usije ukazikata. Kisha kata sehemu mbovu kwa msumeno wa chuma, ukiacha chuma kizima pande zote mbili. Usitumie moto, maana tangi la petroli li karibu. Safisha ncha kwa tupa, vika kipande kipya kiingiliane na cha zamani sentimeta 5 hivi, utie vibano bila kuvikaza. Tazama kwamba bomba halikugusa sakafu, wala tangi, wala mipira ya breki, na kwamba laning'inia sawasawa katika mipira yake. Hapo ndipo ukaze, ukianza mbele na kuishia nyuma.

Lakini kazi hii ni ya kipande cha nyuma tu. Karibu na injini, motokaa nyingi za sasa zina kichujio cha moshi, nacho hugeuza sehemu kubwa ya ile hewa ya sumu isidhuru. Wako wanaokikata na kukiuza kwa ajili ya madini yake ya thamani, wakaweka bomba tupu. Sehemu hiyo mwachie fundi mwaminifu wa gereji.

Mwisho ni kujaribu. Shusha gari chini, tia breki ya mkono, upake povu la sabuni katika maungio kwa brashi yenye mti mrefu. Mwenzako aiwashe injini, nawe utazame kutoka ubavuni. Kama mpira wa baiskeli katika beseni, mahali panapovuja patatoa mapovu. Zima upesi, kaza tena, ujaribu tena. Baada ya kwenda safari fupi na gari kupoa, kaza mara ya pili, kwani joto hulegeza vibano. Na ikiwa safarini watu wawili katika gari waumwa na kichwa kwa wakati mmoja, simamisha gari, zima injini, toeni watu wote nje wapate hewa safi. Na aliyelegea apelekwe hospitali, ila si kwa gari hilo.

Basi, mabibi na mabwana, msiipime kazi hii kwa sikio. Gari laweza kuwa kimya na bado likavuja. Kazi iliyokwisha ni ile ambayo povu halikutoa hata povu moja lenye kupanda. Mtu aliyefika hapo aweza kuwafungia watoto vioo katika baridi ya Usambara, wakalala usingizi wa kweli.

Kwaherini.