Nani Mwingine Anasikia? Siri ya Mgonjwa na Huduma za Afya kwa Waswahili wa LGBTQ Mesquite



Nimeombwa nizungumzie kwa nini watu wa LGBTQ wanabaki nyuma kiafya hapa Mesquite na mitaa jirani ya Dallas. Nitajikita kwenye jambo moja linalotuhusu sisi wasema Kiswahili moja kwa moja, nalo ni siri ya mgonjwa. Bima na usafiri ni vikwazo vizito. Lakini hata vikiondolewa, kijana wetu bado atanyamaza mbele ya daktari ikiwa anamfahamu anayemkalimania.

Hali yenyewe ni hii. Texas inaongoza Marekani kwa kiwango cha watu wasio na bima, na haijapanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu kwa kawaida haipati, hata awe fukara. Mkimbizi mgeni alikuwa na miezi 12 ya msaada wa matibabu. Mwaka 2025 ikapunguzwa hadi minne. Baada ya hapo hubaki Parkland, hospitali ya umma ya kaunti ya Dallas, ambayo nafuu yake ya malipo ni kwa wakazi wa kaunti hiyo, na sehemu ya Mesquite iko Kaufman. Kliniki zilizozoea kuwahudumia watu hawa ziko mbali: Dallas ni Oak Lawn, ilipo Resource Center iliyoanzishwa 1983, Houston ni Montrose, ilipozaliwa kliniki ya Legacy mwaka 1981. Mesquite si mji mwanachama wa DART, shirika la usafiri wa umma la Dallas, hivyo asiye na gari mara nyingi huomba lifti. Naye mwenye gari atauliza, "Huko unakwenda kumwona nani?" Hapo siri imeshaanza kuvuja kabla hata ya kufika kliniki.

Woga wa siri kuvuja haukuanzia Texas. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilifunga vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari ya VVU. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Uganda ikatunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Aliyekulia huko amejifunza kwamba kliniki ni mahali pa kuandikwa jina. Texas yenyewe ilikuwa na sheria ya namna hiyo hadi 2003, ilipoanguka kwa kesi ya Lawrence iliyotoka Houston.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Dawa ya PrEP, ya kujikinga na VVU, ilithibitishwa kwa sehemu kubwa na watu wetu. Utafiti wa Partners PrEP ulifuatilia jozi 4,747 za wanandoa wa Kenya na Uganda, wakiwemo wa Thika, Kisumu, Tororo na Mbale, mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 hadi 75, kutegemea aina ya kidonge, na Marekani ikaidhinisha PrEP mwaka 2012. Kampuni ya Braidwood ya Katy, karibu na Houston, ilikwenda mahakamani Fort Worth kupinga bima kulazimishwa kuilipia. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliacha wajibu huo usimame. Kwa hiyo dawa ipo. Asiyeweza kuitaja kwa mdomo wake haimfikii.

Chukueni mfano wa chumba cha daktari. Mkalimani anaimba kwaya moja na mgonjwa. Daktari anauliza: unalala na wanaume, wanawake, au wote? Mkalimani anaona haya, anasema: "Anauliza kama umeoa." Mgonjwa anajibu, "Bado, kaka." Daktari anaandika kwamba hakuna hatari, anaagiza kipimo cha mkojo pekee. Kisonono cha koo au cha njia ya haja kubwa hakionekani kwenye mkojo, tena mara nyingi hakina dalili. Kijana anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Vivyo hivyo mwanamke anayependa wanawake huambiwa hahitaji kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, wakati kirusi cha HPV huambukizwa hata kati ya wanawake.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani bila malipo. Napendekeza mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, kabla ya yote, kama anataka mkalimani wa simu aliye jimbo jingine, anayejitambulisha kwa namba badala ya jina. Jibu liandikwe kwenye faili lake, asiulizwe upya kila ziara. Maswali ya ngono yakalimaniwe yalivyo. Asiyeweza kuyatamka aiache kazi ya kliniki. Nasema hivyo kwa heshima.

Linalobaki kwa mjadala wetu wa leo ni namna mkalimani anavyojitoa akimkuta mtu anayemfahamu. Mimi ningesema mlangoni, kabla ya swali la kwanza: "Ndugu yangu, tunafahamiana, kwa hiyo una haki ya kuomba mwingine, wala huna haja ya kunipa sababu."