Kiti na Fomu: Ufadhili wa Masomo kwa Vijana Wenye Ulemavu

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, na ninyi nyote mlioacha mashamba na maduka yenu ili kuja kutusikiliza: Tume ya Haki na Amani imetupa kazi ya kusema nanyi juu ya ufadhili wa masomo, ruzuku na mafunzo kazini kwa vijana wenye ulemavu. Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mada hii inahusianaje na haki na amani. Tungependa kuanza kulijibu swali hilo kwa kuungama kosa letu wenyewe.

1. Kosa letu

Katika parokia mojawapo tuliyowahi kuitumikia alikuwapo binti ambaye miguu yake haikupata nguvu tangu utoto. Mama yake, mjane mwenye kulima karanga, alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka mgongo ulipokataa. Hata hivyo binti alisoma, akahitimu kidato cha sita, akafaulu. Parokia nzima ilifurahi. Tukachangishana, tukamnunulia kiti cha magurudumu, tukamkabidhi baada ya Misa ya Jumapili. Kwaya iliimba, hotuba zilitolewa, picha zilipigwa. Sisi wenyewe tulisimama karibu na kiti hicho tukitabasamu.

Siku hizo hizo binti alikuwa ametuachia fomu ya kuthibitisha ulemavu wake. Ilipaswa kupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya, itiwe sahihi na muhuri, kisha iambatishwe na maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu. Gari la parokia lilikuwa likienda mjini kila wiki, nasi tuliahidi kuifikisha. Fomu ile ililala katika mtoto wa meza, chini ya matangazo ya ndoa, hata muda wa kupokea maombi ukapita. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima huku wenzake wakitangulia.

Tulipokwenda kuomba radhi, mama hakutukemea. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, kisha akauliza kwa upole: "Padre, kile kiti mlichotupa kilikuwa kinampeleka wapi?"

Swali hilo hatujalisahau. Kiti kilikuwa hisani yetu, na fomu ilikuwa haki yake. Tulitoa hisani mbele ya watu wote, na haki tukaifungia mezani.

2. Hisani na haki

Neno "ufadhili" latokana na fadhili, yaani wema anaotendewa mtu. Kwa desturi yetu, aliyetendewa fadhili hutarajiwa kushukuru na kunyamaza. Wahenga hata walinung'unika kwamba heri kumfadhili mbuzi kuliko kumfadhili binadamu. Mawazo ya namna hiyo yakitawala, kijana mwenye ulemavu anayeuliza juu ya masomo yake huonekana msumbufu, na mzazi anayefuatilia barua ya mwanawe huitwa mtu asiye na subira.

Lakini sheria haisemi hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nayo Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu ya kupata elimu na mafunzo sawa na wengine. Pia inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia tatu ya wafanyakazi wake.

Wala mafundisho ya Kanisa hayasemi hivyo. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake "Laborem Exercens" wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote. Alionya kuwa jamii inayowapokea kazini wenye viungo timamu peke yao inatenda ubaguzi wa wenye nguvu dhidi ya wanyonge. Hivyo tunapomsaidia kijana huyu kupata nafasi ya masomo, tunamrudishia kilicho chake.

3. Milango ipo wapi?

Yafaa tuyatenganishe maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Ufadhili na ruzuku havirejeshwi, ila huwa na masharti yake. Mkopo hurejeshwa. Wapo wazazi waliosaini karatasi wakidhani wamepewa zawadi. Na wapo wengine waliokataa mkopo wenye manufaa kwa kuogopa kwamba wangenyang'anywa shamba. Kiongozi wa jumuiya aweze kuwaeleza tofauti hiyo kwa lugha nyepesi.

Katika shule za serikali, ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka 2022. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kwa mtoto asiyeona, au kiziwi, au asiyeweza kutembea, ada ilikuwa sehemu tu ya mzigo. Zimebaki nauli, vifaa vya nukta nundu, fimbo nyeupe, mafuta ya kulinda ngozi ya mwenye ualbino, na mtu wa kumsindikiza. Ruzuku ndogo ya parokia yaweza kufanya kazi kubwa hapo.

Kwa elimu ya juu, mlango mkubwa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi huuzingatia ulemavu inapopima uhitaji wa mwombaji, mradi uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Cheti cha kuzaliwa nacho lazima kihakikiwe na RITA. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, na dirisha lina siku yake ya kufungwa. Kijana anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya matokeo kutoka, amekwisha kuchelewa.

Kwa wanaotaka ufundi na biashara, ipo VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tena, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Diwani wenu aulizwe fungu hilo la mbili linakwenda kwa nani. Kumwuliza ni wajibu wa raia, wala si uchochezi.

Nje ya nchi pia ipo misaada ya kweli. Lilianefonds ya Uholanzi ilianzishwa mwaka 1980 na Liliane Brekelmans, mwanamke aliyekuwa na ulemavu uliotokana na polio. Kwa miaka mingi msaada wake uliwafikia watoto kupitia mtu wa hapo hapo mahali, mara nyingi mtawa wa kike, aliyemjua mtoto kwa jina na kujua anachohitaji. Tujifunze jambo hilo: fedha zaweza kutoka mbali, lakini bila mtu wa karibu hazimfikii mtoto.

Tuwaonye vilevile juu ya matapeli. Mtu akija na habari za ufadhili wa Ulaya au Marekani, huku akidai kwanza apewe fedha za kushughulikia, msimpe hata senti moja mpaka mmehakikisha kwa taasisi yenyewe. Waulizeni pia wenye uzoefu: SHIVYAWATA, ambalo ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama kama kile cha wasioona na kile cha viziwi. Wao wameipita njia hii kabla yetu.

4. Pengo la mafunzo kazini

Waajiri wengi, wakiulizwa juu ya asilimia tatu ya sheria, hujibu: "Tungependa, ila hatupati wenye uzoefu." Nasi twauliza: uzoefu watautoa wapi? Mwanafunzi hupewa uzoefu na ofisi iliyompokea kwa mafunzo kwa vitendo. Kijana kiziwi akikataliwa kwa kuwa hapana ajuaye lugha ya alama, na kijana mwenye kiti cha magurudumu akikataliwa kwa sababu ya ngazi tatu za mlangoni, wote wawili watamaliza chuo na cheti kisicho na uzoefu. Hapo mwajiri atasema amesema kweli, naye mwenyewe ndiye aliyeufanya uwe ukweli.

Basi kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tujitazame. Kanisa limetangulia vema katika mambo mengi; shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa mwaka 1963. Lakini leo parokia na majimbo yetu yana shule, zahanati, ofisi za hesabu, na karakana za useremala na ushonaji. Katika hizo zote, ni vijana wangapi wenye ulemavu waliopokelewa kwa mafunzo mwaka uliopita? Ngazi za ofisi ya parokia zinapandwaje na mwenye magongo? Sheria ile ya asilimia tatu inazihusu pia taasisi zetu zenye wafanyakazi ishirini au zaidi. Hatuwezi kuidai haki tusiyoitoa.

5. Tufanye nini?

Mnawakumbuka wale watu wanne katika Injili ya Marko, sura ya pili, waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipoukuta mlango umezibwa na watu, walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha. Tuangalie kwamba waliouziba mlango hawakuwa maadui. Walikuwa wasikilizaji wa neno, watu kama sisi. Na wale wanne hawakumpa mwenzao mkeka mzuri zaidi ili alalie nje. Walimfikisha alikotaka kufika.

Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la watoto na vijana wenye ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu mia wenye umri wa miaka saba na zaidi, kumi na mmoja hivi wana ulemavu wa aina fulani. Tulinganishe hesabu hiyo na majina tunayoyajua. Wale wasioonekana wapo katika vyumba vya ndani. Tuwaendee wazazi wao bila kuwaaibisha.

Pili, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa mganga vishughulikiwe mapema, mtoto akiwa bado shuleni.

Tatu, kila mwombaji awe na wasindikizaji wawili waliotajwa kwa majina katika kikao, wenye wajibu wa kufuatilia fomu yake mpaka jibu lipatikane. Wasimwachie padre peke yake. Mmekwisha kusikia yaliyotupata.

Nne, uwepo mfuko mdogo wa nauli, picha, nakala za vyeti na huduma ya mtandao. Hesabu zake zisomwe hadharani, lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe, wala wasipigwe picha bila ridhaa yao.

Tano, kila taasisi ya parokia ipokee walau kijana mmoja mwenye ulemavu kwa mafunzo kila mwaka, na kabla hajafika aulizwe yeye mwenyewe anahitaji nini ili afanye kazi vizuri. Yesu mwenyewe alimwuliza Bartimayo kipofu anataka nini, ingawa jibu lilionekana wazi. Nasi tusijifanye kujua zaidi.

Ndugu wapendwa, binti yule alipata mkopo mwaka uliofuata, akaenda chuoni na kiti chake. Fomu yake ya pili ilipelekwa wilayani na mama wawili wa jumuiya, kwa basi, nao walisubiri barazani kutwa nzima mpaka muhuri ukagongwa. Hakuna aliyewapiga picha. Lakini tangu siku hiyo tunajua jibu la kumpa yule mama aliyetuuliza kiti kilikuwa kinampeleka wapi binti yake.

 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu wapo watoto na vijana wangapi wenye ulemavu? Wangapi wanasoma, na wangapi wana vyeti vya kuzaliwa?

2. Je, tumewahi kutoa msaada uliotupatia sisi sifa kuliko ulivyompatia mhusika manufaa? Tueleze.

3. Kuna kikwazo gani katika kanisa letu, ofisi yetu au shule yetu ambacho twaweza kukiondoa kabla ya mwaka kwisha? Nani atasimamia?