Posho, Medali na Mlango wa Chuo
(Hotuba kwa wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Vijana, mmeketi kwenye nyasi ili sisi wazee tupate viti.

Nimeombwa niseme juu ya michezo na masomo, maana baadhi yenu mnaokimbia mmeanza kupata barua za vyuo vya Marekani. Nitatumia mfano wa hoki. Si hii yetu, ambayo Kenya ilishika nafasi ya 6 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Nasema ile ya barafuni. Msicheke.

Mwaka 1980, mjini Lake Placid, kocha Herb Brooks aliingiza Olimpiki timu ya vijana 20 wa Marekani. Tisa walitoka Chuo Kikuu cha Minnesota, wanne Chuo Kikuu cha Boston. Tarehe 22 Februari waliwafunga Warusi 4-3, Warusi waliokuwa wameshinda Olimpiki nne mfululizo! Kisha wakaifunga Ufini 4-2, wakachukua dhahabu. Mmoja wao, Neal Broten, alirudi Minnesota na medali yake akaendelea kuchezea chuo. Hilary Knight naye aliacha timu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin msimu mzima, akachezea taifa Vancouver mwaka 2010, akarudi. Kwa hiyo Olimpiki haikumfungia mtu mlango wa chuo.

Kilichoufunga ni posho. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kwa miaka mingi kilizihesabu ligi kuu za vijana za Kanada kuwa za kulipwa, kwa kuwa zilitoa posho, na baadhi ya wachezaji wake walikwisha kutia sahihi mikataba na klabu za NHL. Kijana wa miaka 16 akijiunga nazo, ndiyo kwaheri hoki ya chuo. Na huku Olimpiki yenyewe, tangu Nagano mwaka 1998, ilikuwa imewapokea matajiri wa NHL! Mtoto wa posho anakataliwa, milionea anakaribishwa. Mimi sikuona haki hapo.

Sheria hiyo ilibadilishwa Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025. Sasa waliochezea ligi hizo wanakubaliwa vyuoni, mradi hawakulipwa zaidi ya gharama zao za lazima. Lakini waliofungiwa mlango miaka ya nyuma wamekwisha kuwa watu wazima, wengine wana watoto. Nani atawarudishia nafasi yao?

Ndiyo maana nawaambia wakimbiaji: andikeni kwenye daftari kila mbio mliyokimbia, nani aliilipia nauli, na kila shilingi ya zawadi iliingia mfuko wa nani. Chuo kitauliza. Na yule wakala mwenye karatasi na kalamu tayari, mwambieni asubiri.

Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe. Mwenye barua aje nayo, tuisome pamoja kabla hajatia sahihi.