NCHI JIRANI: WANAOLALA THIKA NA KUAMKIA NAIROBI



Saa kumi na nusu alfajiri, wakati askari wa zamu ya usiku anapoanza kuitazama saa yake, taa za mji wa Thika, nchini Kenya, huanza kuwaka moja baada ya nyingine. Si taa za viwanda, ingawa viwanda vipo. Ni taa za majumbani. Makarani, wauguzi, walimu, mafundi, askari polisi na wauza maduka wanavaa viatu gizani, wanafunga milango polepole wasiwaamshe watoto, kisha wanatoka kwenda kituo cha magari. Kazi yao iko Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 40. Watoto hao watamwona baba au mama tena usiku, ikiwa hawatakuwa wamekwisha lala.

Watu hawa hawakufukuzwa Nairobi. Waliondoka kwa hiari baada ya kupiga hesabu. Nairobi ilianza kama mji mchanga wa reli, lakini kwa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 4,397,073, na palipo na watu wengi kiasi hicho pango la chumba kimoja humeza mshahara wa mtu mdogo kabla hajanunua unga. Kwa hiyo watu wakatazama nje ya jiji, wakaifuata barabara iendayo kaskazini: Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja, na mwisho Thika. Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo pango linavyopungua na ndivyo vyumba vinavyoongezeka. Ruiru, ambayo katika sensa ya mwaka 2009 ilikuwa na watu wasiofika 240,000, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya 490,000 miaka kumi baadaye. Mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakipakana na barabara yakakatwa viwanja.

Barabara hiyo yenyewe si ngeni kwa askari. Makao makuu ya kikosi cha polisi kiitwacho GSU yako Ruaraka, pembeni mwake. Mbele kidogo iko kambi ya Kahawa. Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho leo kina maelfu ya wanafunzi, kilianzia katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza, ambayo yalikabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Ruiru kuna chuo cha askari magereza, na Thika kuna kambi ya wanajeshi. Ukiendelea bila kugeuka, barabara itakufikisha Isiolo, Marsabit, na hatimaye Moyale, mpakani mwa Ethiopia.

Na liko jambo jingine linalowahusu askari moja kwa moja. Septemba mwaka 2018, serikali ya Kenya ilitangaza mageuzi katika jeshi la polisi, na miongoni mwake ilikuwa kwamba askari polisi walipwe posho ya nyumba na waruhusiwe kupanga mitaani, wachanganyike na raia. Kwa wengi ilikuwa faraja. Nyumba za kambini zilikuwa zimechakaa, na palikuwa na familia mbili zilizogawana chumba kimoja kwa pazia la shuka. Lakini posho ni ileile na pango la Nairobi ni lilelile. Askari aliyetoka kambini na posho yake mfukoni akafanya kama karani: akaifuata barabara.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kinachowavuta watu Thika, maana si unafuu wa pango peke yake. Mji uko katika mwinuko wa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake si ya baridi kali wala ya joto la kutoa jasho. Mito miwili, Chania na Thika, inapita hapo, na kila mmoja una maporomoko yake. Kati ya maporomoko hayo mawili iko hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka 1908, ambako mfanyakazi mwenye senti kidogo huwapeleka watoto Jumapili wakasikilize maji yakianguka.

Nje kidogo ya mji uko mlima uitwao Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wa Kiswahili huuita Kilimambogo, na jina hilo halihitaji mkalimani. Urefu wake ni mita 2,145, na tangu mwaka 1967 umekuwa hifadhi ya taifa. Nyati wenyewe wamo msituni hadi leo, kwa hiyo mpandaji mwenye busara hufuatana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Njiani, kabla ya kileleni, liko kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyetaka kuzikwa juu kabisa; inasimuliwa kwamba alikuwa mtu mzito mno hata safari ya jeneza ikaishia nusu ya mlima. Kwa kijana wa depo, mlima huo ni mazoezi ya asubuhi. Kwa mzee wa miaka 55 ni safari ya siku nzima na chakula cha kubeba, na siku ya anga safi atauona Mlima Kenya upande wa kaskazini.

Chini ya mlima huo mto Athi unaanguka kwa mikondo mingi kwenye mwamba mpana, mahali paitwapo Fourteen Falls, yaani maporomoko kumi na manne. Ni pahala pa kupendeza sana baada ya mvua. Lakini hapo ndipo mtu aliyekimbia jiji hugundua kwamba jiji limemfuata. Mto Nairobi, uliokusanya taka za mitaa na viwanda, humwagika katika Athi kabla ya maporomoko hayo. Msimu wa ukame maji huja na povu na chupa za plastiki. Mtoto huambiwa atazame asiguse.

Ndugu wasikilizaji, Thika haikujengwa iwe mji wa kulala. Reli iliyotoka Nairobi ilifika hapo mwaka 1913 kwa ajili ya mazao ya walowezi. Baada ya uhuru mji ukawa wa viwanda: nguo, ngozi, kuunganisha magari, kusindika mananasi ambayo mashamba yake bado yameenea kama blanketi. Mfanyakazi wa Thika alikwenda kazini kwa miguu. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya nguo vilidhoofika au vikafungwa, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa. Mji ukabaki na nyumba, shule, hospitali na hewa nzuri, ila ajira ikapungua. Ndipo jiji likaja kuazima vitanda vyake.

Kilichofungua mlango ni barabara kuu mpya. Ilijengwa kuanzia mwaka 2009 na makampuni matatu ya Kichina, kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China, ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Ina urefu wa kilomita 50 hivi, na sehemu nyingine ina njia nane. Kabla yake magari yalikwenda mwendo wa kinyonga kwa saa mbili na zaidi. Baada yake, mwenye gari akitoka usiku wa manane hufika mjini kabla hajamaliza kusikiliza taarifa ya habari.

Lakini nani aendaye kazini usiku wa manane? Barabara pana ilileta viwanja, viwanja vikaleta nyumba, nyumba zikaleta magari, na magari yote yanakutana asubuhi Pangani na Muthaiga, pale barabara inapojaribu kupenya katika jiji ambalo mitaa yake haikupanuliwa kwa kiasi hicho. Aidha, watu wengi waligongwa wakivuka njia zile nane katika miaka ya mwanzo, kwa kuwa madaraja ya waenda kwa miguu yalikuwa machache na yenye umbali kati yake.

Tupige hesabu ya askari. Mtu akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 88 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu, mchana na usiku, amekaa ndani ya matatu. Kwa miezi kumi na mmoja ni siku 40. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa hiyo mtu huyo anaacha barabarani muda unaokaribia mara mbili ya likizo yake, na nauli analipa mwenyewe. Ikinyesha mvua jioni, nauli hiyo hupanda papo hapo kituoni.

Na hiyo ni hesabu ya raia. Askari ana swali la ziada ambalo karani hana. King'ora kikilia saa nane usiku na kikosi kikatakiwa kijipange, aliyepanga Thika atafikaje kituoni Nairobi? Magari ya abiria ni machache saa hizo. Kambi, pamoja na ubovu wa mapaa yake, ilikuwa na faida moja: filimbi ilisikika chumbani.

Nilipopita Thika nilikaribishwa na sajini mstaafu wa jeshi la huko. Tulikaa barazani kwake jioni. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, “Marahaba, kijana wangu,” akanionyesha nyumba yake ya vyumba vitatu, mgomba, kuku, na tangi la maji la plastiki alilolisifu kuliko vyote.

Nikamwuliza kama alifanya vema kujenga mbali na jiji. Akacheka. “Mimi nimefanya vema sana. Sina zamu. Asubuhi natembea hadi mtoni na kurudi. Kiinua mgongo changu Nairobi kingenunua choo tu. Lakini muulize binti yangu.” Binti huyo ni muuguzi jijini, na anaishi kwa baba yake na mtoto mmoja. “Mjukuu ananiita mimi baba,” akasema mzee. “Mama yake anamwona Jumapili.”

Nikamwuliza alikipataje kiwanja. Hapo akawa mkali. Alisema dalali wa kwanza alimwonyesha ardhi nzuri iliyopakana na barabara, bei ya kutupa, na hati yenye muhuri. Mzee hakutoa hata shilingi. Alikwenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi akakuta namba ile ni ya shamba jingine. Wenzake wawili waliostaafu siku moja naye hawakwenda kwa msajili.

Maneno hayo yana ushahidi ulio wazi, ndugu wasikilizaji, upande wa pili wa Nairobi. Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau, kwa maelezo kwamba zilikuwa katika ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, karibu na Athi River, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi iliyojengwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Yalianguka majumba ya ghorofa yaliyokuwa na umeme, maji na watu. Wengi walikuwa wanunuzi waliolipa fedha halali kwa watu waliowaamini. Na anayesimama pale kulinda tingatinga kwa amri ya mahakama ni askari, ambaye huenda naye ana kiwanja alichonunua kwa dalali wa namna hiyohiyo.

Serikali ya Kenya ilizindua Aprili 2021 mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, ukianzia Nairobi, ili mtu aweze kuitafuta hati bila kupita kwa dalali. Ni hatua njema. Hata hivyo kompyuta haikwambii kama kisima cha jirani hukauka mwezi Februari. Na maji ni jambo la kuuliza hata Thika. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa katika mto Thika na kukamilika mwaka 1994, ndilo linaloinywesha Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Bomba kubwa linakwenda mjini. Mpangaji wa mtaa mpya pembeni hununua maji ya mkokoteni.

Nayasema haya kwa sababu hesabu ya Thika imekwisha kuvuka mpaka. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, nimewasikia askari zaidi ya mmoja wakisema watajenga chini ya milima ya Uluguru na kuja kazini kwa treni. Milima ni mizuri, maji yapo. Lakini aliye bado kazini na aliyestaafu hawatafuti nyumba moja. Mwenye nia hiyo na asafiri kwanza mwezi mzima kwa tiketi yake mwenyewe, masika, akihesabu pia muda wa kutoka stesheni hadi lango la kambi. Kiwanja na akione saa kumi na moja alfajiri, siyo Jumapili mchana pamoja na dalali.

Tulipokuwa tukiagana na yule sajini ilikuwa saa tatu na robo usiku. Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na redio. Mbwa akabweka. Mzee akachukua tochi na ufunguo, akaenda kumfungulia binti yake geti.