Ireland isiilegeze sheria yake

Ireland haimo katika muungano wowote wa kijeshi, lakini askari wake tisa waliuawa Niemba, Kongo, mwaka 1960 wakiwa na kofia za Umoja wa Mataifa. Leo, kupeleka ng'ambo askari zaidi ya 12 kunahitaji idhini ya umoja huo, ya serikali na ya bunge. Serikali inataka kuiondoa ile ya kwanza, ikisema kura ya turufu ya wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama isiifunge mikono. Hoja hiyo ina uzito: mwaka 2003 Ireland ilishindwa kujiunga na kikosi cha Umoja wa Ulaya nchini Macedonia kwa kukosa idhini ya Umoja wa Mataifa. Lakini idhini hiyo, pamoja na kasoro zake, humkinga raia wa nchi inayoingiwa dhidi ya majeshi yanayojituma yenyewe. Wabunge wa Dublin wasiifute kabla ya kuweka kisheria masharti ya haki za binadamu kwa kila kikosi.